Kabla hujalipa shule ya udereva hapa Ohio

Kila harusi na kila msiba wa Waswahili hapa Columbus, lazima mzazi mmoja anivute pembeni: "Mama Idrisa, mtoto wangu anakaribia kumi na sita, nimpeleke shule gani ya udereva?"

Jina la shule nampa, lakini naona tunaanzia mwisho. Ukienda kulipa hujui jimbo linadai saa ngapi, saa za nini, na nani anaruhusiwa kukaa kiti cha pembeni, utatoa pesa nzima na mtoto atapata nusu ya mafunzo. Yalinikuta, ndiyo maana naandika.

Nianze na yangu. Nilifika Marekani nikiwa nimeshaendesha gari miaka tisa, Tanga na Dar, hadi safari za usiku katikati ya malori ya Chalinze. Leseni ya Tanzania hapa haibadilishwi. Unaanza na maswali 40, upate angalau 30, ndipo utahiniwe kwenye gari. Maswali nilipita. Kilichoniangusha ni koni.

Kwa ambaye hajaziona: wanasimamisha alama nne zinazofanya boksi la futi 9 kwa futi 20, na mbele yake alama ya tano, katikati. Unaingia kwenye boksi, unatoka mbele, unaipita ile ya tano kushoto au kulia kama utakavyoambiwa, unasimama bampa ya nyuma ikiwa sawa nayo. Halafu unarudi rivasi njia ileile, unanyoosha gari ndani ya boksi na kutoka nalo kwa nyuma bila kugusa kitu. Ukiangusha alama moja, mtihani umekwisha. Mimi niliirudisha kwa kutazama saiti mira tu, kama nilivyozoea kuegesha nyumbani, badala ya kugeuza shingo nikatazama nyuma kupitia dirisha la nyuma. Nilisikia alama inalala chini kabla sijaiona.

Na Ohio mtu mzima wa miaka 21 na zaidi akianguka mara ya kwanza harudi siku ya pili na kujaribu tena hivi hivi. Inabidi asome kozi fupi: saa 4 za darasa, au kwa intaneti, na saa 4 barabarani na mwalimu wa shule, asipotaka za shule, aendeshe saa 24 akiwa na mtu mzima mwenye leseni na kuziapia kwa maandishi. Siku ile niliona nimeonewa. Lakini katika zile saa 4 mwalimu, mzee mmoja mtaratibu sana, alinionyesha kwamba nilikuwa najua gari, ila sikuijua barabara ya hapa. Kwenye njia panda yenye vibao vya kusimama pande zote nne, mimi nilikuwa natazama macho ya dereva mwenzangu nikaingia. Hapa aliyefika kwanza ndiye anayepita kwanza, na mkifika pamoja unampisha aliye kulia kwako. Basi la shule likiwasha taa nyekundu kwenye barabara ya njia mbili, mnasimama wote, mnaolifuata na mnaokutana nalo, si chini ya futi 10. Barabara ikiwa na njia nne au zaidi, wale wa upande wa pili hawalazimiki kusimama. Nilikuwa nimeishi hapa miezi minane, nikipandishwa gari la wenzangu kwenda kazini kila siku, na sikulijua hilo. Lina watoto ndani, basi lile.

Kwa hiyo Idrisa alipotimiza miaka 15 na nusu, umri wa kuanza kuomba leseni ya kujifunzia, ile tuliyozoea kuiita lena, nilitaka asome kwa ukamilifu. Sheria kwa mtoto wa umri wake ni hii: saa 24 za darasa, saa 8 barabarani na mwalimu mwenye leseni, na saa 50 na mzazi, 10 kati yake ziwe za usiku. Lena yenyewe aishike miezi sita kabla ya mtihani wa barabarani. Hapo kuna jambo linalowakamata wengi wetu: kabla mtoto hajafika miaka 16, anayekaa naye mbele ni mzazi, mlezi wa kisheria au mwalimu wa udereva mwenye leseni, basi. Mjomba wake alikuja Jumamosi amejiandaa kumchukua wakazunguke Morse Road, ikabidi nimrudishe. Alikasirika kidogo. Baada ya 16, ndiyo, mtu yeyote mwenye leseni aliyefika miaka 21 anaweza kukaa naye.

Sasa kuhusu shule. Nilichagua ya kwanza kwa sababu ilikuwa karibu na nyumbani na ilikubali nilipe kidogo kidogo. Darasa lilikwenda vizuri. Siku ya pili ya barabarani Idrisa alirudi na karatasi ya saa mbili imetiwa saini. Nikamuuliza, kama ninavyomuuliza mambo ya shule, leo mmepita wapi? Akasema aliendesha mpaka kwa mwanafunzi mwingine, yule akashika usukani, yeye akakaa nyuma, wakamfuata wa tatu. Tukahesabu pamoja mezani: hakufika dakika 45 mikononi mwake. Karatasi ilisema saa mbili.

Nilipiga simu kwa adabu. Wakaniambia mama, ndivyo inavyofanyika, kukaa nyuma pia ni kujifunza. Hapo kujua kwangu kulinisaidia. Niliwajibu kwamba saa 8 za jimbo ni za mtoto akiwa nyuma ya usukani, na kwamba shule hizi zinapewa leseni na Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo, na huko malalamiko yanapokelewa. Walimrudishia saa zake zote kwa mwalimu mwingine, bila nyongeza ya malipo. Mimi na wao tuliachana kwa amani, lakini nawafikiria wazazi waliozipokea karatasi zile bila kuuliza, kwa sababu Kiingereza kinawatisha au wanatoka zamu ya usiku wamechoka. Wengi ni sisi.

Basi, kabla ya kulipa, ingia kwenye tovuti ya jimbo uangalie kama jina la shule lipo kwenye orodha ya walioruhusiwa, jina lenyewe herufi kwa herufi, si linalofanana. Mwalimu naye anatakiwa awe na leseni ya kufundisha, mbali na ile ya kuendeshea. Omba uione. Nenda kalitazame gari: upande wa mwalimu lazima kuwe na breki yake, na nje pawe na maandishi kwamba anayeendesha ni mwanafunzi. Uliza kwa maandishi kama mtoto anaendesha peke yake au wanapokezana, na kama wanapokezana saa zinahesabiwaje. Na kila akirudi, andika kilomita, yaani maili hapa, na saa aliyoondoka na aliyorudi. Sisi tulitumia daftari la mstari la dola moja.

Zile saa 50 za mzazi ndizo zinazoghushiwa zaidi. Nimewasikia watu wazima, watu wa ibada, wakisema unajaza tu fomu. Fomu hiyo ni hati ya kiapo, unaitia saini mbele ya notari, na kuapa uongo ni kosa la jinai. Lakini hata kama isingekuwa kosa, ni mwanao. Mimi na Idrisa tulianza kwenye maegesho ya duka lililofungwa, Jumapili asubuhi, tukahamia mitaa ya ndani, na tulipofika saa ya 20 hivi ndipo tukaingia I-270, barabara kuu inayozunguka jiji. Saa za usiku tuliziweka nikitoka kazini. Nakumbuka usiku mmoja wa Novemba, mvua inanyesha, mistari ya barabara haionekani kwa mng'aro wa taa, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, sioni njia yangu." Nikamwambia apunguze mwendo, atazame mstari mweupe wa ukingo, taa za wanaokuja aziache. Tulifika. Darasani hilo lilikuwa sentensi moja tu.

Wapo waliokuwa wanasubiri mtoto afike 18 ili wakwepe gharama ya shule. Mlango huo umefungwa: tangu Septemba 30, 2025 sharti la saa 24 na saa 8 linamhusu kila aliye chini ya miaka 21. Kama una kijana wa 19 aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, weka pesa hiyo kwenye hesabu zako mapema, maana bila leseni kazini hafiki: maghala mengi ya huku hayafikiki kwa basi.

Na mtoto wa chini ya miaka 18 akishapata leseni, bado kuna masharti. Kwa mwaka wa kwanza hatakiwi barabarani kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi bila mzazi, na asiye wa familia awe mmoja tu garini. Simu hairuhusiwi kabisa kabla ya miaka 18, hata ya kuongea bila kushika. Idrisa aliona aibu kuwaambia rafiki zake watatu kwamba hawezi kuwabeba wote. Nilimwambia aseme mama amekataa.

Binti yangu anaanza Machi, kwa shule nyingine. Daftari jipya nimeshalinunua.