Barakoa ya CPAP inavuja? Anza kwa kulegeza

Barua nyingi zilizonifikia safari hii ni za watu wa CPAP, mashine inayosukuma hewa usiku kucha ili koo lisizibe na pumzi isikatike usingizini. Karibu wote wanailalamikia barakoa, si mashine. Nimechagua za wanaotumia barakoa ya pua peke yake, kwa sababu ile inayofunika pua na mdomo ina mambo yake.

Dada muuguzi, nakaza mikanda mpaka naamka na mistari mashavuni, na bado hewa inavuja. Nikaze mpaka wapi?

Legeza. Najua unaona kama nakutania, lakini mara nyingi kukaza ndiko kunakovujisha. Ukingo wa silikoni wa barakoa nyingi una tabaka mbili. Lile jembamba linalogusa ngozi limetengenezwa lijae hewa na kujilaza lenyewe usoni. Ukilikandamiza linajikunja, hewa inapita kwenye mikunjo, wewe unakaza tena, na hivyo hivyo mpaka alfajiri.

Leo usiku legeza mikanda yote, kisha lala jinsi unavyolala siku zote. Usiivalie barakoa ukiwa umekaa ukadhani umemaliza, maana mashavu hubadilika umbo mtu akijilaza. Washa mashine. Shika barakoa, ivute mbele kidogo mpaka silikoni ijae hewa, halafu irudishe taratibu. Sasa kaza pande zote mbili kwa pamoja, kidogo kidogo, na mlio wa hewa ukikoma, acha hapo hapo. Kidole kiweze kupita chini ya mkanda. Geukia kushoto, geukia kulia, usikilize.

Liko jambo moja linalowaponyoka wengi. Mashine nyingi huanza na presha ndogo kisha hupanda. Barakoa uliyoirekebisha kwenye presha ya sentimita 5 za maji (ndicho kipimo cha presha ya mashine hizi) inaweza kuvuja vibaya ikifika 12. Mashine nyingi zina sehemu ya kujaribia barakoa kwenye menyu yake, ambayo hupuliza kwa nguvu kwa muda mfupi. Fanyia marekebisho yako hapo.

Ikiwa barakoa haitulii bila kukazwa sana, basi saizi si yako. Silikoni inatakiwa izunguke mabawa ya pua bila kuyabana, na upande wa chini ikae kati ya pua na mdomo wa juu bila kuukanyaga mdomo. Wengi huchukua kubwa wakidhani ndiyo yenye raha, kubwa huvuja. Tena saizi ya kati ya kampuni moja si ya kati ya kampuni nyingine, kwa hiyo ukibadilisha aina, pima upya.

Mbele ya barakoa yangu kuna vitundu vidogo vinavyopuliza hewa muda wote. Naweza kuviziba kwa plasta?

Hapana, kamwe. Hivyo ndivyo vinavyotoa hewa chafu unayoipumua. Ukiviziba utakuwa unaivuta tena hewa ile ile. Kwa barakoa nyingi, kwenye presha ya sentimita 10, hupita hapo karibu lita 30 kwa dakika, na mashine imeshalihesabu hilo. Ndiyo maana namba za uvujaji hutofautiana: mashine nyingine huonyesha hewa yote inayotoka, nyingine huonyesha ile tu isiyotakiwa. Soma kitabu cha mashine yako kabla ya kulinganisha namba na jirani. Kwa mashine za ResMed, zinazoonyesha isiyotakiwa tu, mpaka unaotumika ni lita 24 kwa dakika.

Naamka na macho mekundu, makavu, kama yameingia mchanga.

Hewa inatorokea juu, pembeni mwa daraja la pua, na kukupuliza machoni. Angalia mikanda ya juu na ya chini: mara nyingi ya chini imekazwa kuliko ya juu, au mmoja umevutwa kuliko mwenzake. Kama barakoa yako ina kiegemeo cha paji la uso, jaribu kukirekebisha hatua moja moja. Macho yakiendelea kuuma, muone daktari.

Binti yangu, nina masharubu ya miaka mingi, na meno yangu ya juu ni ya bandia. Nimeambiwa ninyoe. Ni lazima?

Shikamoo baba. Usikimbilie wembe. Mimi ningeanza na meno. Ukiyavua wakati wa kulala, mdomo wa juu hudidimia, na barakoa uliyopimiwa ukiwa na meno inabaki haina pa kuegemea. Pimiwa upya ukiwa jinsi unavyolala. Daktari akikuruhusu kulala nayo, jaribu hivyo pia uone tofauti.

Masharubu nayo huvujisha, kwa kuwa silikoni haishiki vizuri juu ya nywele. Ila ziko barakoa ndogo zenye vichuchu viwili laini vinavyokaa kwenye matundu ya pua. Hizo hushika ukingo wa tundu lenyewe, kwa hiyo wenye masharubu wengi huziweza. Punguza tu nywele zinazoingia puani.

Barakoa imekaa sawasawa, lakini naamka mdomo umekauka na mashine inasema hewa imevuja sana.

Inavujia mdomoni. Barakoa ya pua inategemea mdomo uliofungwa. Ukifunguka, hewa iliyoingia puani inatokea huko badala ya kulishikilia koo wazi. Swali la kwanza ni hili: pua yako inapitisha hewa vizuri? Mwenye pua iliyoziba atafungua mdomo tu, upende usipende. Suuza pua kwa maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na ongeza unyevu na joto kama mashine ina tangi la maji. Mafua yasiyoisha au mzio ni kazi ya daktari, na dawa za kupuliza puani zipo.

Pua ikiwa safi na mdomo bado unafunguka, mkanda wa kidevu huwasaidia baadhi ya watu. Wengine hauwasaidii chochote, kwa sababu taya limefungwa lakini midomo inapuliza. Kuhusu kuubandika mdomo kwa plasta, mtindo ninaouona ukisifiwa sana, siukubali. Umeme ukikatika au ukitapika usiku, mdomo ndiyo njia yako ya dharura. Yote yakishindikana, hamia barakoa ya pua na mdomo, wala usione haya.

Napaka mafuta ya mgando usoni kabla ya kulala. Yanahusika?

Yanahusika. Silikoni huteleza juu ya mafuta, na mafuta ya aina hiyo huiharibu kadiri siku zinavyokwenda. Nawa uso, ukauke, ndipo uvae. Silikoni yenyewe ioshe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, bila spiriti wala dawa ya madoa. Ikiwa imekakamaa au imebadilika rangi, muda wake umekwisha. Na usinung'unike sana: wagonjwa wa kwanza wa daktari Colin Sullivan huko Sydney, Australia, aliyeitangaza tiba hii mwaka 1981, walikuwa wakibandikwa kifaa puani kwa gundi.

Maji yananidondokea puani usiku.

Ni mvuke unaopoa ndani ya mpira unaoleta hewa kutoka kwenye mashine. Weka mashine chini ya usawa wa kitanda, punguza unyevu kidogo, au tafuta mpira unaopashwa joto.

Daraja la pua limechubuka. Niendelee kuvaa?

Wekundu unaofifia baada ya muda mfupi si neno. Ngozi iliyochubuka ni jeraha, na haitapona ikikandamizwa kila usiku. Lakini usiache mashine pia. Omba barakoa isiyogusa daraja la pua, angalau mpaka upone, kisha rudi kwenye lile la kwanza: legeza.

Barakoa ya mume wangu inanipuliza usoni, na nimeona klipu zake zina sumaku. Mimi nina kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Niwe na wasiwasi?

Upepo ni ule wa vitundu nilivyovitaja. Mwambie ageukie upande wa pili, au mchague barakoa inayotawanya hewa. La sumaku ndilo la kushughulikia leo. Kampuni ya Philips Respironics ilitoa tahadhari mwaka 2022, na ResMed mwaka 2023: sumaku hizo zikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye vifaa vya aina hiyo vilivyowekwa mwilini, na tahadhari inamhusu pia anayelala kando ya mtumiaji. Mkikumbatiana, umbali huo haupo. Aombe barakoa yenye klipu za kawaida, na wewe mjulishe daktari wako wa moyo.