Miaka 47 haikuwa uzee

SWALI: Shikamoo Mama. Nimesoma kwamba mwaka 1900 wastani wa maisha Marekani ulikuwa miaka 47. Je, mtu wa New York akifika 47 alikuwa ameshazeeka? Mwenzangu kazini anang'ang'ania kuwa ndivyo. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako kakosea. Wastani huo ulishushwa na vifo vya watoto. Chukua watu watano: wawili wafe kabla ya kutimiza mwaka, watatu wafike miaka 75. Jumlisha, gawanya kwa watano, unapata 45, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa akiwa na miaka 45.

Mwaka ule walioongoza kuua Marekani walikuwa nimonia pamoja na mafua makali, kifua kikuu, kisha kuharisha. Kifua kikuu kiliwafuata vijana kwenye vyumba vya kubanana. Kuharisha kulichukua wachanga, hasa miezi ya joto, Julai na Agosti. Maziwa ya ng'ombe yalisafirishwa kwa treni kutoka mashambani, yakauzwa kwa kuchotwa kwenye madebe yaliyo wazi, na mama anayeshinda kibaruani hakuwa na kingine cha kumwachia mtoto.

Nilifanya kazi kliniki ya watoto Tanga miaka mingi, najua mtoto huyo anavyofika. Utosi umebonyea, analia bila machozi, ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama kama kitambaa. Sisi tulikuwa na maji ya chumvi na sukari. Nilimnywesha mmoja kwa kijiko tangu asubuhi, na alasiri akanikojolea mapajani. Mama yake alilia kwa furaha, nami pia. Manesi wa New York hawakuwa na dawa hiyo, wala penisilini.

Ndiyo maana namheshimu sana Dakta S. Josephine Baker, wa idara ya afya ya jiji la New York. Kiangazi cha mwaka 1908, katika mtaa mmoja wa maskini wahamiaji, alichukua majina na anwani za watoto waliozaliwa jana yake, akatuma nesi nyumbani kabla mtoto hajaugua: nyonyesha, mwogeshe, mpunguzie nguo, fungua dirisha. Mtaa huo ulipata vifo pungufu kwa takriban 1,200 kuliko kiangazi kilichotangulia. Mwaka huohuo jiji likaanzisha idara ya afya ya watoto, akaiongoza yeye. Naye Nathan Straus, mfanyabiashara, tangu 1893 alikuwa akifungua vituo vya maziwa yaliyopashwa moto kuua vijidudu.

Jambo jingine wengi hulipita: kwa Wamarekani Weusi wastani wa mwaka 1900 ulikuwa kama miaka 33 tu. Ukisema 47 bila kulitaja hili, umewaficha watu wengi.

Kuhusu ubishi wenu: Mzungu wa Marekani aliyefikisha miaka 20 wakati ule alitarajiwa kuishi kama miaka 42 zaidi. Akiwa na 47 bado alikuwa kazini, na huenda alikuwa na kaburi moja au mawili ya wanawe wadogo.