Mashua ya tanga ya kuvutwa na gari la jipe, itafaa Ziwa Kivu?

Ndugu, kwa vile unakaa Bukavu na huna gati la kufungia mashua, angalia kwanza mkuku, yaani lile pezi zito chini ya mashua linaloizuia isipinduke; rangi na vitanda baadaye. Mkuku usiopanda utakusumbua hata kwenye remoki (trela). Mashua ya Catalina 22 ya Marekani, iliyoanza kutengenezwa 1969, ina ile aina ya mkuku wa chuma unaopandishwa kwa winchi. Ukiwa chini, mashua inataka maji ya mita 1.5, ukipanda, sentimita 60 zinatosha. Hapo unaingia taratibu kwenye vighuba vya Nguba, hapo hapo Bukavu, bila kugusa mawe. Ila kagua kebo ya winchi uzi kwa uzi, maana ikikatika, chuma cha kilo 250 kinaporomoka na kuweza kupasua chini.

Mashua ya MacGregor 26X ni akili nyingine: uzito wake wa kuituliza ni maji. Ikishaelea unafungua vali, tangi la chini linajaa. Ukiivuta nchi kavu unayamwaga, na jipe linapumua. Mimi naipenda kwa barabara zetu, ingawa wenye kupenda tanga kweli wataniambia ni mtumbwi wa injini uliovaa shuka.

Mlingoti uwe wa kulaza, na nyaya za umeme ni nyingi njiani, basi ulaze kabla hujatoka. Injini ya nje usinunue ndogo mno: Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na hewa nyepesi inapunguza nguvu.