Eti jina Benoni lina mkosi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mke wangu kajifungua wa kiume mwezi uliopita, nikampa jina la marehemu babu, Benoni. Sasa kuna mzee wa kanisa kaniambia jina hilo lina mkosi, maana yake mwana wa uchungu, nibadilishe kabla ya ubatizo. Mama mtoto hata usingizi hapati. Nifanyeje? Baba Benoni, Ujiji.

JIBU: Marahaba baba Benoni, hongereni sana, na mama mtoto mwambie alale.

Mzee maana kaijua ila habari hajaimaliza. Mwanzo 35 Raheli, mke wa Yakobo, anakata roho kwa kujifungua njiani kwenda Efrathi, anamwita mtoto Benoni, Yakobo akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Lakini hiyo "oni" kwa Kiebrania ina mambo, sogea mpaka 49:3 uone Yakobo huyohuyo anamwita Reubeni mwanzo wa nguvu zake, na neno lililopo hapo ni oni, herufi zilezile, ndo maana wapo wanaosoma Benoni kuwa mwana wa nguvu zangu. Mi naona Raheli alisema uchungu kweli, mtu anakufa jamani. Ila alikuwa anataja yaliyompata yeye siku ile, hakuwa anamlaani mwanae.

Na sisi si tunafanya hivyohivyo? Bibi aliyenilea hapa Mwanga aliitwa Tabu, kazaliwa mwaka wa njaa, na mpaka uzeeni alikuwa anaanika dagaa mchangani anawageuza kwa fagio huku anaimba, watoto saba kasomesha kwa hao dagaa. Yabesi naye mamake alimwita hivyo kwa uchungu wa kumzaa, soma 1 Nyakati 4:9, imeandikwa alikuwa na heshima kuliko nduguze!

Wengine walimtia Mungu mwenyewe ndani ya jina, ile "el" na "ya" zinazomtaja Mungu kwa Kiebrania, Elisha ni Mungu ni wokovu, Mikaeli ni nani aliye kama Mungu. Hapo nenda Kasulu utakuta Hakizimana, Imana (yaani Mungu) ndiye huokoa, na Ntakirutimana, hakuna kimpitacho Imana. Ni kitu kilekile kabisa.

Kwa hiyo usibadilishe kwa woga. Mkitaka kuongeza Benyamini siku ya ubatizo ni sawa, hata Yakobo alimwita mwanae hivyo. Ila kabla ya hapo kaa na shangazi zako uwaulize babu alizaliwa siku gani, nani alimpa jina, nyumbani kulikuwa na nini, maana mtoto akikua atakuuliza.