Msongo wa Mawazo Umebebeshwa Mzigo Usio Wake

Msomaji wa Chang'ombe, Dodoma, anaeleza kwamba daktari ameandika kuwa dada yake ana sonona, ilhali nyumbani walizoea kusema ana msongo wa mawazo. Anauliza kama si kitu kimoja, na kama sonona ni Kiswahili kweli.

Ni Kiswahili, tena cha siku nyingi. Kusonona, au kusononeka, ni kuumia moyoni kwa huzuni isiyotulia, na waliokigeuza kitenzi hicho kuwa jina la ugonjwa walichagua vyema. Msongo unatokana na kusonga, kitenzi kile kile cha mwiko na ugali wa uwele. Asili ya maneno hayo na iishie hapo, maana kinachonikera ni jinsi msongo wa mawazo ulivyomeza kila ugonjwa wa ubongo.

Sikilizeni sentensi hii: "Mzee siku hizi ana msongo wa mawazo." Husemwa juu ya mzee aliyekwenda Soko la Majengo kununua karanga, kwa njia aliyoipita miaka yote, akashindwa kurudi nyumbani. Husemwa tena anapomwita mwanawe kwa jina la ndugu yake marehemu, na anaposhika ufunguo asijue unafanya kazi gani. Ni mawazo gani yaliyomsonga? Msongo huwa na kinachousababisha, iwe ada ya shule, kesi ya kiwanja au mvua iliyokatika uwele ukiwa haujatoa masuke. Mwili humwaga homoni ya kotisoli, moyo huenda mbio, usingizi hupaa, na jambo likipata ufumbuzi, mtu hupata nafuu. Ya mzee huyu yanafanana zaidi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu unaoitwa Alzheimer, alioueleza Alois Alzheimer, daktari Mjerumani, mwaka 1906, baada ya kuuchunguza kwa hadubini ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki na kukuta mabonge nje ya seli za neva na nyuzi zilizosokotana ndani yake, ambayo leo tunajua ni protini za amiloidi na tau. Kumwambia mzee huyo apunguze mawazo ni kumkosea, kwa sababu mawazo ndiyo yanayomponyoka.

Najua neno hili linakimbiliwa kwa nini. Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, iliyopo hapa Dodoma tangu mwaka 1927, imegeuzwa tusi la mitaani, na familia hutafuta neno lisilonuka tusi hilo. Kwa hiyo barazani simsahihishi mama anayesema mwanawe "ana mawazo". Redioni, magazetini na kwenye mabango ya zahanati sikubali hata kidogo.

Sonona ya dada yako ni huzuni au kukosa hamu ya mambo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hata pasipo tukio lolote. Dawa zake, kama fluoksetini, huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na familia inayodhani ni msongo humwachisha mapema kwa kuwa "mambo yameshaisha". Kwa wazee, sonona nayo yaweza kuleta usahaulifu, hivyo mweleze daktari unachokiona, usimpe jina la jumla.

Andika, basi: dada ana sonona, sonona yake imepungua. Hali ikiwa ni msongo kweli, iite msongo.