Kabla ya kwenda ngomani, hesabu na mitungi ya oksijeni

Korona ilipopamba moto, watu waliokuja kununua panadol kwenye duka langu la dawa hapa Newala, kusini mwa Tanzania, walikuwa na swali moja: "Dada, mimi nikiupata nitapona?" Kama ni kijana asiye na kisukari wala presha, jibu la haki ni kwamba huenda atapona. Takwimu za mwanzo kutoka China zilionyesha kuwa kati ya wagonjwa 100 waliothibitishwa, kama 80 waliumwa bila kuzidiwa, 15 hivi walizidiwa, na 5 wakawa mahututi. Kijana akisikia hivyo anashukuru, anadandia bodaboda, huyo ngomani. Hesabu yake si mbaya, ila ameiishia njiani.

Iliyobaki iko hospitali. Tuseme, kwa hesabu ya chini kabisa, kati ya watu 100 wanaoambukizwa, mmoja tu ndiye atakayehitaji oksijeni. Wakiambukizwa watu 3,000 ndani ya wiki tatu, unapata watu 30 wanaoitaka hewa karibu kwa pamoja. Wakiambukizwa haohao 3,000 ndani ya miezi sita, bado ni 30, lakini wanapishana: huyu anaruhusiwa, yule analazwa. Ugonjwa ni uleule na watu ni walewale. Kinachobadilika ni kasi, na kasi hiyo tunaitengeneza sisi kwa mikusanyiko yetu.

Sasa tazama mtungi wenyewe. Ule mkubwa, wa kusukumwa kwa kitoroli, unabeba lita karibu 7,000. Mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika anaumaliza kabla ya saa 12 kutimia, kwa hiyo mtu mmoja anakula mitungi miwili kwa siku na zaidi. Mtungi ukiisha unasubiri gari la kuupeleka kujazwa. Zipo mashine zinazochuja oksijeni kutoka kwenye hewa ya kawaida, nyingi zikitoa lita 5 au 10 kwa dakika, nazo hazihitaji kujazwa. Zinahitaji umeme tu. Na sisi wa Kusini habari za umeme hatuhitaji kusimuliwa.

Halafu kitanda bila nesi ni godoro tu. Manesi wawili wakiugua wiki moja, wodi imepungukiwa hata kama vitanda vipo tele. Wala wodi hizo hazikujengwa kwa ajili ya korona: yupo mama anayesubiri upasuaji wa uzazi, yupo mtoto mwenye nimonia, yupo dereva wa bodaboda aliyevunjika paja. Ukizidiwa huku juu Newala, rufaa ni safari, ama hospitali ya Ndanda, ama ya Ligula kule Mtwara mjini. Watu wa Liwale ndio usiseme. Kwa hiyo mimi niliacha kujiuliza kama nitapona. Nikawa najiuliza: wiki hii nikizidiwa, au nikimzidisha mtu, nafasi ipo?

Utajuaje? Mwishoni mwa Aprili 2020 takwimu za wagonjwa zilisimama kutolewa nchini, na hazikurudi hadi katikati ya 2021. Ikabidi tusome alama. Dukani kwangu ya kwanza ilikuwa dawa za kikohozi na vitamini C kuisha haraka kuliko kawaida. Ya pili, jirani yangu nesi kurudi nyumbani usiku badala ya jioni. Ya tatu, matangazo ya misiba msikitini kufuatana, hasa ya wazee. Ya nne, wagonjwa wa kawaida kuambiwa warudi wiki ijayo. Moja peke yake haina maana kubwa. Zikikutana mbili au tatu, mimi huhesabu kuwa hospitali imeelemewa, na mambo yanayoweza kusubiri yanasubiri.

Shida ni yale yasiyosubiri. Likizo ya Juni 2021 mtoto wa dada yangu alikuwa ndani, na mama mdogo ndiye kungwi. Nilimwendea na khanga mkononi, maana mambo haya hayaendewi mikono mitupu.

"Mwanangu, mwali hawezi kukaa ndani mwaka mwingine."

"Hatusemi asitoke, mama. Atoke, ila shughuli yote iwe uani."

"Na wageni wa Kitangari?"

"Waje asubuhi, wale, wacheze, waondoke. Wasilale."

"Kulala ndiyo ngoma yenyewe, we mtoto!"

Tulivutana mpaka adhuhuri. Tulichopata ni hiki: ngoma ikapigwa nje, mabibi wenye presha wakakaa kwenye jamvi lao chini ya mkorosho, mbali na wachezaji, na chakula kikapakuliwa sahani kwa sahani badala ya sinia moja. Wako waliolala, kwenye chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Sikushinda yote. Lakini kati ya kukataza na kuachia kila kitu kuna nafasi kubwa ya kupunguza, na watu wazima wanasikiliza zaidi ukiwaachia jambo lao kuliko ukilifuta. Kwenye misiba nilifanya vivyo hivyo: nilikwenda, nikatoa pole nje, nikachangia, sikulala.

Msimu huohuo ndio wa kupulizia mikorosho, na salfa inakohoza kila mtu. Wengi walijificha humo: "Hii salfa tu." Salfa huwasha macho na koo, na mara nyingi hutulia ukipumzika kupulizia. Haileti homa, wala haikunyimi kusikia harufu ya vitumbua asubuhi. Ukiwa na homa au uchovu wa kukuangusha, jihesabu mgonjwa na ukae mbali na wazee mpaka ijulikane. (Nilichoka kucheka: waliokataa barakoa sokoni ndio waliokuwa wakijifunga vitambaa puani nyuma ya mashine ya salfa.)

Kutobana kitanda cha hospitali hakumaanishi kufia nyumbani. Hapa ndipo wenye nia njema wanapokosea, wanamvumilisha mgonjwa hadi siku ya mwisho kisha wanamfikisha hospitali akihitaji oksijeni nyingi kuliko ambayo angehitaji mwanzo. Kwa korona, kuzidiwa mara nyingi huja wiki moja hivi baada ya dalili za kwanza, tena wengine hushuka oksijeni wakiwa bado wanapiga soga. Kile kipimo cha oksijeni ya damu, cha kubana kidoleni, kikisoma chini ya asilimia 94, mtafute mtabibu siku hiyohiyo. Chini ya 90 ni dharura. Asiyeweza kumaliza sentensi bila kuhema, aliyechanganyikiwa, au mwenye midomo ya bluu asisubiri kipimo. Pasha mikono moto kabla ya kupima, na uchague kidole kisicho na rangi ya kucha wala hina nyeusi, jambo ambalo kwa bibi harusi ni kazi kwelikweli. Vifaa hivi pia huelekea kusoma juu kidogo kwa ngozi nyeusi, kwa hiyo 94 ya kwetu isikupe usingizi.

Chanjo zilipozinduliwa Julai 28, 2021, nilichanja ya dozi moja. Wateja walinitania kwamba waliochanjwa nao wanaugua. Ni kweli, wanaugua. Mimi nilichanja ili nisiwe kwenye foleni ya mtungi, na kwa hilo chanjo ilikuwa na msaada mkubwa.

Ugonjwa mwingine utakuja na hesabu yake. Marburg, uliothibitishwa Kagera Machi 2023, huambukiza kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au maiti, kwa hiyo kuhamia uani hakusaidii kitu ukiwa unaosha maiti kwa mikono mitupu. Uliza kwanza unaambukizwaje, kisha uliza unamaliza nini hospitalini: oksijeni, dripu, au manesi.

Kwa sasa, kabla ya lolote, mkubaliane nyumbani nani ana gari la kukodi usiku na nauli yake inatoka wapi. Kipimo changu cha kidole huazimwa mtaa mzima. Anayekichukua anaandika jina kwenye daftari la madeni, na anakirudisha kabla ya magharibi, maana wengi huja kukiulizia usiku.