Jibu: Feni zinazunguka, monita nyeusi ti

Kaka, usinunue mazabodi (ule ubao mkuu wa kompyuta) nyingine kwanza. Umesema kompyuta yako feni zinazunguka, taa za rangi zinawaka, prosesa (ubongo wake) ni Ryzen 5 5600, monita inadai haipati kitu, na fundi wa hapo Malindi keshaihukumu mazabodi kuwa imekufa. Mimi nimepita huko huko, tena na prosesa hiyo hiyo.

Kompyuta yangu niliiunga nyumbani, Langoni, hapa Amu (Lamu). Vifaa vilitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, vikavuka kwa boti, na kutoka jeti monita ikapanda punda. Nikawasha: feni zote kazini, kioo kiza. Nikampigia muuzaji nikamfokea. Mpaka leo namwonea haya.

Kosa la kwanza lilikuwa kebo. HDMI, kebo ya kupeleka picha kwenye monita, niliichomeka kwenye mazabodi, pale juu karibu na matundu ya USB. Sasa, prosesa ya 5600 haina grafiksi (sehemu ya kutoa picha) ndani yake (5600G ndiyo inayo), kwa hiyo tundu lile kwetu ni pambo tu. Kebo inaingia kwenye kadi ya grafiksi yenyewe, matundu ya chini yake. Nikaihamisha, bado kiza. Nikasema basi si kebo, nikairudisha nilikoitoa. Hapo ndipo nilipojipotezea siku tatu, maana makosa yalikuwa mawili na kila moja lilikuwa likilificha jenzake.

La pili nililionyeshwa na mazabodi yenyewe. Nyingi zina vijitaa vinne vidogo pembeni: CPU, DRAM, VGA, BOOT. Kinachobaki kikiwaka ndipo ilipokwama. Changu kilikuwa DRAM, yaani RAM, vile vibao vya kumbukumbu. Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikatazama RAM kwa tochi ya simu. Mazabodi yangu ina kibanio upande mmoja tu wa kila nafasi. Upande wa kibanio ulikuwa umekaa vizuri, wa pili umeinuka kidogo mno, ukitazama kutoka juu huoni. Nikazitoa zote mbili, nikafuta meno yake kwa raba safi ya penseli (hewa yetu ya chumvi unaijua), nikarudisha moja tu kwenye nafasi ya pili kuhesabu kutoka kwa prosesa, nikabonyeza ncha zote mbili mpaka ikalia ta! Kijitaa kikahamia mbele, nikakumbuka kebo, nikaipeleka kwenye kadi. Picha.

Kwa hiyo ukirekebisha kitu na kiko sahihi, kiache hivyo hata kama kioo bado kiza.

Kikibaki cha CPU, tazama ule waya wa pini nane wa juu kabisa kushoto, unaopeleka umeme kwa prosesa. Feni huzunguka hata ukiusahau. Na kama mazabodi yako ni ya aina ya B450 iliyokaa dukani muda mrefu, huenda baiosi yake (programu ndogo ya kuiwashia) ni ya kabla ya 5600 na inataka kusasishwa. Cha VGA: kadi haijakaa, au waya wake wa umeme umesahauliwa. Betri ya duara ya CR2032 unaweza kuitoa dakika tano kufuta mipangilio, ila usianzie hapo.

Niandikie ni kijitaa gani kimebaki. Kama hakibaki hata kimoja, bonyeza kitufe cha monita uone imewekwa kusoma HDMI au tundu jingine.